Habari za Hukwe Zawose, Mpiga Zeze wa Ugogo

Juzi hapa Igowole kijana mmoja wa shule alituletea swali ambalo hatukuweza kulijibu papo kwa papo. Alikuwa amesoma habari za wapiga fidla wa Ulaya, wale wasafirio toka mji mkuu mmoja hata mwingine, na watu hutoa fedha nyingi ili kuwasikiliza kwa saa moja au mbili. Akatuuliza, "Mwalimu, je, katika nchi yetu amepata kutokea mtu wa namna hiyo?"

Ulimi wetu ulikuwa tayari kusema hapana. Lakini tulipokwisha kufikiri kidogo tulimkumbuka mtu mmoja, wala si mtu wa mbali, maana kwao ni kwa jirani zetu, ng'ambo ya mto Ruaha Mkuu. Jina lake ni Hukwe Ubi Zawose. Yeye hakupiga fidla, alipiga zeze. Lakini fidla na zeze ni ndugu, kama tutakavyoonyesha. Na kwa zeze lake mtu huyu alisikilizwa Uingereza, na Japani, na Marekani. Basi twataka kuwaeleza habari zake kwa utaratibu, kwa kuwa ndani yake limo jambo linalotuhusu sisi wa Uhehe kuliko tulivyodhani.

Kwanza tuseme habari za chombo chenyewe. Hutwaliwa kibuyu kikavu, kikakatwa na kuwambwa ngozi. Hupitishwa mti ulio shingo yake. Na juu ya mti huo hufungwa uzi mmoja, au nyuzi mbili, au zaidi. Vidole vya mkono wa kushoto hucheza juu ya nyuzi, na mkono wa kuume hushika uta mdogo, ambao umepakwa utomvu ili ukwaruze wala usiteleze. Fidla ya Ulaya ni vivyo hivyo. Mahali pa kibuyu pana sanduku jepesi la mti, nyuzi zake ni nne, na uta wake una nywele za mkia wa farasi, nazo hupakwa utomvu wa msonobari. Fidla hushikwa chini ya kidevu, na zeze la Kigogo huegemezwa mwilini karibu na kiuno. Tofauti zipo, lakini kazi ni ile ile: uta hukwaruza uzi, uzi hutetema, na uwazi uliomo ndani hukuza sauti. Tena jina lenyewe si geni kwetu Wakristo, kwa maana katika Biblia ya Kiswahili zeze limetajwa katika Zaburi ya 150, pamoja na vyombo vingine vya kumsifu Mungu.

Sasa tuitazame nchi aliyotoka. Mtu akiondoka Igowole hupita Mafinga, akafika Iringa. Toka hapo akishika njia ya kaskazini huteremka kidogo kidogo hata bwawa la Mtera, mahali Ruaha Mkuu unapozuiwa. Akivuka hapo amekwisha kuingia Ugogo. Huku kwetu Mufindi ni baridi, ukungu na mashamba ya chai. Kule ni jua, mibuyu na miiba. Mvua yao ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, na ikikosa kunyesha ni njaa. Wagogo ni watu wa ng'ombe na wa mtama, nao ni watu wa kuimba kuliko wengi tuwajuao. Wanawake wao hupiga ngoma ziitwazo muheme, wakizibana kati ya magoti; wanaume hupiga zeze na ilimba; na nyimbo zao huimbwa kwa sauti nyingi mbalimbali zipatanazo.

Katika nchi hiyo, kijijini Doduma, Hukwe alizaliwa yapata mwaka 1938; wengine huandika 1940. Kama wavulana wengi wa Ugogo alichunga ng'ombe wa baba yake, na huko malishoni aliizoeza sauti yake. Mchungaji wa ng'ombe hana wa kumzuia asipaze sauti, wala hana wa kumcheka akikosea. Sauti hiyo ilikua ikawa ya ajabu: aliweza kuishusha chini kama ngurumo, kisha akaipandisha juu hata ukadhani ni mwanamke aimbaye. Akajifunza zeze, na ilimba pia. Ilimba ni sanduku la mti lenye ndimi nyingi za chuma, zipigwazo kwa vidole gumba. Baadhi ya ndimi hizo hazipigwi kamwe. Huwekwa hapo ili zitetemeke zenyewe kwa kuitikia zilizopigwa. Tena katika tundu la sanduku huwekwa utando wa buibui, ili sauti ipate kuvuma. Mtu aliyebuni jambo hilo alikuwa na masikio mepesi, ijapokuwa hakujua kusoma.

Hapa inafaa tueleze jambo moja la elimu. Chukua uzi uliokazwa, uupige, utasikia sauti yake kuu. Kisha uuguse kidogo kwa kidole katikati kabisa, bila kuukandamiza, uupige tena: sauti itapanda. Uguse penye theluthi, itapanda zaidi. Penye robo, zaidi tena. Na hivyo hivyo kuendelea. Sauti hizo hakuzitunga mtu, zimo ndani ya uzi tangu mwanzo, na kila uzi duniani unazo. Wagogo huzipanga nyimbo zao na vyombo vyao kwa kuifuata ngazi hiyo. Ajabu ni kwamba sauti ya saba ya ngazi hiyo haimo katika kinanda cha kanisani. Ukiitafuta utaona inaangukia kati ya pale unapobonyeza na pale pa jirani yake. Kwa hiyo mgeni asikiapo wimbo wa Kigogo kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba waimbaji wamekosea. Hawakukosea, wao huufuata uzi, na kinanda hufuata mapatano ya mafundi.

Sasa twaja kwenye jambo lililoyageuza maisha ya Hukwe. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, alitoa hotuba mbele ya Bunge, akatangaza kwamba anaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo aliwauliza wasomi maswali makali. Alisema kwamba shuleni tulifundishwa nyimbo za Wazungu, akauliza ni wangapi waliofundishwa nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe. Alisema kwamba wengi wanajua gitaa na piano, akauliza ni wangapi miongoni mwa waliosoma wawezao kupiga zeze, au marimba, au ligombo. Msomaji wa Uhehe, angalia vizuri: katika siku zile za kwanza za jamhuri tulitajwa sisi, na ligombo letu likatajwa karibu na zeze la Wagogo.

Maneno hayo yalifuatwa na matendo. Liliundwa kundi la ngoma la taifa, na wapigaji wakatafutwa mikoani. Katika miaka hiyo ya 1960 habari za Hukwe zilimfikia Mwalimu Nyerere, naye akamwita aje Dar es Salaam kukaa na kufanya kazi yake huko. Basi mchunga ng'ombe akaacha nchi kavu akaenda pwani, na zeze likawa kazi yake ya kila siku. Kisha kundi la taifa lilipokwisha kuvunjwa, mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Hukwe alikuwa mmoja wa wapigaji wakubwa wa chuo hicho, naye akafanya makao yake Bagamoyo pamoja na jamaa yake kubwa. Wana, binti na watoto wa ndugu walikua katika ua huo wakisikia zeze asubuhi na jioni, kama watoto wa mhunzi wanavyokua wakisikia nyundo.

Toka Bagamoyo alivuka bahari. Mwaka 1985 kampuni moja ya London, Triple Earth, ilitoa santuri yake iitwayo Tanzania Yetu. Baadaye ikafuata nyingine iitwayo Mateso. Wajapani nao walimrekodi. Mwaka 1996 ilitolewa Chibite, neno la Kigogo la kuwaambia watu "twende", na waliotoa ni Real World, kampuni ya Mwingereza Peter Gabriel. Mwaka 2002 alitoa nyingine, Assembly, pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Mwaka ule ule Peter Gabriel alipozunguka Marekani, Hukwe na Charles Zawose, mwana wa ndugu yake, ndio waliotangulia kupanda jukwaani kabla yake, katika kumbi zilizojaa maelfu ya watu.

Tuwafikirie watu wale kwa dakika moja. Walikuja kumwona mwimbaji wao Mzungu mwenye mitambo na taa. Kwanza wakatokea Wagogo wawili wenye njuga miguuni, na zeze, na ilimba. Wasikilizaji hawakujua hata neno moja la Kigogo. Mpiga fidla wa Ulaya asimamapo mbele ya watu, mara nyingi huwa anapiga wimbo uliotungwa na mtu mwingine zamani, juu ya chombo kilichotengenezwa na fundi mwingine. Na fidla zinazopendwa kuliko zote ni zile za Antonio Stradivari wa Cremona, aliyekufa mwaka 1737. Hukwe alitunga mwenyewe, akaimba mwenyewe, akapiga na kucheza kwa wakati mmoja, na chombo alichokishika mizizi yake ilikuwa kibuyu cha shambani. Hatusemi haya ili kumdharau mpiga fidla, maana kazi yake ni ngumu, na wengi huianza wangali watoto wadogo. Twasema ili ieleweke kwamba ulimwengu haukumpokea Hukwe kwa huruma. Walimpokea kama fundi apokewavyo na mafundi.

Lakini kuandika historia si kusifu tu. Safari hiyo ilikuwa na gharama yake. Ngoma ya kijijini huweza kukesha, na kila mtu ana sehemu yake, huyu kupiga, yule kuitikia, na mtoto kujifunza mgongoni mwa mama yake. Jukwaani hukatwa ikawa ya dakika kumi, na watazamaji hukaa kimya wakapiga makofi mwishoni. Tena mwimbaji wa taifa hutakiwa aimbe mambo ya taifa, na Hukwe aliimba nyimbo nyingi za kuisifu nchi na viongozi. Na santuri zake zilitolewa mbali; sisi wenyewe hatukuziona katika duka lolote la Mafinga wala la Iringa. Ikawa Mwingereza wa kijijini kwake aliweza kumsikia Hukwe kwa urahisi kuliko Mhehe aliye jirani ya Ugogo. Twauliza, ni kosa la nani? Wazungu hawakutuziba masikio.

Kijana yule, tulipokwisha kumsimulia haya yote, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali la pili. "Na ligombo, Mwalimu, nani alipigaye hapa kwetu?"

Swali hilo lilituchoma, nasi tutaeleza sababu yake. Ligombo ni ubao mrefu uliochimbwa mfano wa mtumbwi mdogo. Uzi mmoja hupitishwa juu yake mara nyingi, toka ncha hata ncha, na kibuyu huwekwa ili kukuza sauti. Wazee waliliimbia habari za watu wakuu na za vita vya zamani, kwa hiyo lilikuwa kitabu cha wasio na vitabu. Yapata mwaka 1975, tulipokuwa wanafunzi, mzee mmoja alikuja shuleni kwetu siku ya kufunga muhula akiwa na ligombo lake, akaomba aruhusiwe kupiga wimbo mmoja. Mwalimu aliyekuwa zamu alimwambia kwamba hapo ni mahali pa elimu. Nasi watoto, kwa kuwa tulimwona mwalimu ametabasamu, tulicheka. Mzee hakukasirika. Alilitia ligombo lake katika gunia, akalifunga mdomo kwa kamba, akaagana nasi mmoja mmoja kwa heshima, akaenda zake. Hatukumwona tena na ligombo mpaka alipofariki. Haya yalitokea miaka zaidi ya kumi baada ya ile hotuba ya mwaka 1962. Hotuba ilikuwa imesomwa, lakini haikuwa imefika mlangoni petu.

Huenda msomaji mmoja atasema kwamba mzee yule alikataliwa kwa sababu ya dini, kwa kuwa vyombo hivyo vilipigwa penye pombe na penye matambiko. Ni kweli kwamba katika misheni nyingi ngoma zilikatazwa, na sababu zao walikuwa nazo. Lakini fidla nayo ilipata kushtakiwa vivyo hivyo. Niccolò Paganini, Mwitalia, alikuwa mpiga fidla aliyesifiwa kuliko wote wa siku zake. Upigaji wake ulipita kiasi hata watu wakavumisha kwamba ameiuza roho yake kwa Ibilisi. Alipofariki katika mji wa Nice mwaka 1840, askofu alikataa asizikwe katika ardhi ya kanisa. Jeneza lake likahamishwa huku na huku, na mwaka 1876 ndipo lilipolazwa katika makaburi ya Parma. Lakini leo fidla hupigwa katika makanisa ya Ulaya, wala hakuna anayeuliza shetani yuko wapi. Chombo hakikubadilika, ni ule ule mti na zile zile nyuzi. Kilichobadilika ni masikio ya watu na matumizi yao.

Basi tukimweka Hukwe upande mmoja, na mzee yule wa ligombo upande mwingine, tofauti yao ni nini? Hatusemi kwamba walikuwa sawa kwa ufundi, maana hatukumsikia mzee; hatukumpa nafasi. Tofauti tuijuayo ni kwamba mmoja aliambiwa njoo, na mwingine akaambiwa hapa si mahali pako. Methali husema, mcheza kwao hutunzwa. Hukwe alitunzwa kwanza kwao, na mtu wa nchi yake, ndipo akatunzwa London na Marekani. Kama angalichekwa siku ile alipoitwa, Wajapani na Waingereza wasingalikuwa na habari naye hata kidogo.

Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Lakini zeze halikuzikwa pamoja naye. Mwanawe Msafiri alitoa santuri yake iitwayo Uhamiaji mwaka 2017. Na mwaka 2024 Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, walitoa santuri iitwayo Maisha, chini ya jina la The Zawose Queens. Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa desturi ya zamani mwanamke wa Kigogo alipiga muheme na kuitikia wimbo, lakini zeze na ilimba vilikuwa mikononi mwa wanaume. Sasa wanawake wa nyumba ile ile wamevishika, nao wamesimama mbele. Waonao desturi kuwa ni jiwe wajifunze hapo: desturi ikiwa na watu wake huongezeka, ikikosa watu hukatika tu, hata kama imeandikwa katika vitabu.

Tulimjibu kijana yule kwamba hatujui ni nani alipigaye ligombo hapa Igowole, na kwamba kutojua kwetu ni aibu yetu wala si yake. Jumamosi iliyofuata tulikwenda naye kuuliza nyumba kwa nyumba. Mama mmoja mzee alitutolea toka juu ya dari ubao mweusi kwa moshi, hauna uzi, umepasuka upande mmoja. Alisema ulikuwa wa marehemu mumewe, na kwamba mara mbili alitaka kuutia jikoni kama kuni, akashindwa. Kijana aliupokea kwa mikono miwili, akauliza uzi wake ulipita wapi. Mama akamwonyesha kwa kidole, toka tundu hata tundu, huku akihesabu polepole. Alipofika la nne akasita, akasema lililobaki halikumbuki.

Wasomaji, kama kijijini mwenu yuko mzee akumbukaye tundu la tano na la sita, mpelekeeni mtoto wiki hii. Mti upo, kibuyu kipo, na uzi haufiki bei ya soda. Kitu adimu ni mwalimu, naye amekwisha kuzeeka.